Mkesha wa mashabiki: namna ya kumuaga mwanamuziki aliyeondoka ghafla

Msiba wa mtu aliyeugua muda mrefu huwakuta watu wamekwishajiandaa. Wa mwanamuziki aliyeanguka ghafla hauna maandalizi. Saa chache baada ya tanzia kutoka, mashabiki huanza kusogea wenyewe bila kuitwa: getini kwake, nje ya ukumbi alikozoea kuimba, chini ya mchoro wake ukutani. Watakuja upende usipende. Kinachobaki ni kama watamkuta mtu aliyefikiria taa, sauti na njia ya kutokea.

Mwongozo huu ni wa yule anayejikuta anaulizwa na kila mtu, "Jamani, tunakutana wapi?" Hesabu zake ni za mkusanyiko wa watu 200 hadi 800, kwenye eneo la wazi, kwa muda wa saa mbili hivi. Ukitarajia maelfu, hiyo si kazi ya mashabiki tena. Waachieni waandaaji wenye bima na uzoefu wa umati, ninyi mbaki na nyimbo.

Kwanza hakikisha amefariki

Tanzia za uongo hustawi zaidi siku ileile ya tanzia ya kweli. Tarehe 25 Juni 2009, siku aliyofariki Michael Jackson, ulisambaa pia uvumi kwamba mwigizaji Jeff Goldblum amekufa, naye alikuwa mzima. Tarehe 2 Oktoba 2017 vyombo vikubwa vya habari vilitangaza kifo cha mwanamuziki wa roki Tom Petty mchana kweupe, kumbe bado alikuwa hospitalini. Alifariki usiku wa siku hiyohiyo, na kwa saa kadhaa katikati hapo watu walikuwa wakimwombea rehema mtu ambaye familia yake ilikuwa bado pembeni ya kitanda.

Kwa hiyo usitangaze mkesha kwa kutegemea picha nyeusi yenye tarehe mbili. Subiri moja kati ya haya: tamko la familia, meneja au lebo (kampuni inayotoa muziki wake) kwenye ukurasa uleule wanaoutumia siku zote, au taarifa za vyombo viwili vya habari ambavyo kila kimoja kimezungumza na chanzo chake. Vyombo ishirini vinavyonukuu chanzo kimoja ni chanzo kimoja. Ensaiklopidia za mtandaoni zinazohaririwa na yeyote usizihesabu kabisa, maana kugeuza "ni mwanamuziki" kuwa "alikuwa mwanamuziki" ni kazi ya sekunde tano.

Sababu ya kifo iacheni. Vipimo vya dawa na sumu mwilini huchukua wiki. Mwanamuziki Prince alifariki tarehe 21 Aprili 2016, na matokeo ya uchunguzi wa kitabibu yalitangazwa tarehe 2 Juni, wiki sita baadaye. Yeyote atakayeshika maikrofoni kwenye mkesha wenu aambiwe mapema kwamba habari ya nani alimfanya nini haina nafasi pale.

Siku na mahali

Usiku wa pili ni bora kuliko wa kwanza. Usiku wa kwanza watu bado wanatetemeka, kibali hakijaombwa, na nusu ya vifaa viko kwa mtu asiyepokea simu. Lakini kama watu wameshaanza kujaa mahali usiku uleule, usipambane nao. Peleka wenzako wanne wenye tochi na viakisi mwanga, simameni kati ya watu na barabara, waacheni waimbe kwa vinywa vyao, na mtangaze palepale saa na mahali pa mkesha wenyewe. Siku ya mazishi msishindane nayo. Hiyo ni ya familia.

Habari ya barabara si ya kupita haraka. Elvis Presley alipofariki tarehe 16 Agosti 1977, waombolezaji walijaa nje ya geti la nyumba yake, Graceland, mjini Memphis. Alfajiri ya tarehe 18 gari liliwavamia waliokuwa wamesimama hapo na kuua wasichana wawili. Dereva alikuwa amelewa. Kundi la watu walioinamisha vichwa gizani, wengi wamevaa nguo nyeusi, halionekani mpaka gari limefika. Kama mahali penye maana zaidi kwa marehemu pako kando ya barabara, wekeni maua pale mchana, kisha mkesha uwe kwenye kiwanja chenye uzio au kingo, mita 100 au 200 kutoka hapo. Hakuna atakayelalamika zaidi ya dakika kumi.

Kupima eneo ni hesabu nyepesi. Chukua urefu mara upana, ondoa theluthi moja kwa ajili ya miti, meza, spika na njia za kupita, kisha zidisha kwa watu 2 kwa kila mita ya mraba. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Ukiondoa theluthi zinabaki 400, yaani watu 800. Umati unaweza kubanana zaidi ya hapo, ila wakifika 4 kwa mita ya mraba mtu hawezi tena kuinama kuokota kitu, na wakifika 6 au 7 umati huanza kusukumana kama maji, hakuna anayeamua aende wapi. Mkiwa na mishumaa mikononi, msivuke 2.

Mlango au geti la upana wa mita 1 hupitisha takriban watu 80 kwa dakika kwenye ardhi tambarare. Watu 800 kupitia geti la mita 2 watatoka ndani ya dakika tano, na geti la mita 1 litahitaji kumi, ambazo ni nyingi mno kukitokea moto au mvua ya ghafla. Tafuteni sehemu yenye njia mbili za kutokea zilizo pande tofauti, na msiruhusu meza ya fulana izizibe. Meza za fulana zina tabia ya kujisogeza mlangoni.

Kibali kiombwe kwa mwenye eneo na kwa polisi au mamlaka ya mahali hapo, kwa maandishi, kikitaja saa ya kuanza, saa ya kumaliza, idadi ya watu, kama kuna sauti na kama kuna moto. Mambo mawili ya mwisho ndiyo husahaulika, na ndiyo huzimisha mkesha katikati.

Tangazo lenyewe liwe fupi: jina la marehemu lililoandikwa sawasawa, mahali, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, cha kuleta na cha kutokuleta. Bila saa ya kumaliza watu watabaki mpaka majirani wachoke. Na mseme wazi kwamba mkesha huu haukuandaliwa na familia. Mashabiki wengi hufunga safari wakidhani watamwona mjane au jeneza. Kwa hafla rasmi ya kumuaga Michael Jackson, tarehe 7 Julai 2009 huko Los Angeles, watu wapatao milioni 1.6 waliomba nafasi 17,500 kwa bahati nasibu. Ukikosa nafasi ya aina hiyo, usinunue tiketi kwa mtu mitandaoni. Mkesha wa mashabiki upo hasa kwa ajili ya waliokosa.

Mishumaa

Mishumaa ndiyo picha ambayo kila mtu anaitaka, na ndiyo inayojeruhi kirahisi. Chukueni mishumaa myembamba, ya unene mmoja. Mshumaa wa sentimita 12 hivi huwaka nusu saa mpaka saa moja kutegemea upepo na aina ya nta, kwa hiyo washa mmoja nje usiku wa kuamkia mkesha na upime mwenyewe. Muda utakaoupata ndio urefu wa sehemu ya mishumaa katika ratiba yenu, ukitoa dakika kumi.

Kinga ya nta ni kikombe cha karatasi. Kikate nusu kibaki na kina cha sentimita 4, toboa tako lake kwa mkato wa msalaba wa sentimita 1, kisha penyeza mshumaa kutoka chini mpaka utokeze juu ya ukingo kwa sentimita 6 au 7. Nta hutiririka na kubaki ndani ya kikombe. Watu huacha kikombe kizima bila kukikata wakidhani kitazuia upepo, na kweli kitazuia, lakini mshumaa unapopungua mwali hushuka ndani ya karatasi, na baada ya robo saa una kikombe kinachowaka mkononi mwa mtu aliyefumba macho akiimba. Hata kikombe kilichokatwa kina kikomo. Mwali ukibakiza sentimita 3 kufika ukingo, mshumaa usukumwe juu au uzimwe. Mwongozaji wa shughuli aseme hivyo kwenye maikrofoni mara mbili, ya pili baada ya dakika kumi na tano. Kikombe cha plastiki kisitumike. Huyeyuka na kunata kwenye ngozi.

Kuwashiana kuna kanuni yake: mshumaa unaowaka husimama wima, usiowaka ndio unaoinamishwa kuufuata moto. Kinyume chake hummwagia mwenzako nta ya moto kwenye vidole. Nywele za bandia, mitandio mepesi na koti za nailoni hushika moto upesi, kwa hiyo waliovaa hivyo wasimame safu za nje kwenye nafasi, au wapewe taa ndogo za betri. Watoto wapewe za betri bila mjadala.

Mishumaa midogo ya kwenye vikombe vya bati, ile inayopangwa chini kuandika jina la marehemu, iachane kwa sentimita 10. Ikibanana hupashana joto, nta yote huyeyuka kwa pamoja, na badala ya miali ishirini unapata mwali mmoja mkubwa. Moto wa nta haumwagiwi maji. Maji hugeuka mvuke ghafla na kurusha nta inayowaka. Funika kwa mchanga au kitambaa kizito kilicholowa na kukamuliwa. Ndoo ya mchanga iwe kila njia ya kutokea, nyingine karibu na mahali pa maua. Mishumaa na maua vitengwe kwa mita 2 angalau. Nailoni ya maua iliyojikunja chini ya kadi kavu haihitaji kushawishiwa.

Maputo na taa za kuruka angani tupilieni mbali. Hutua kwenye nyaya, mapaa na matumbo ya wanyama, na sehemu nyingi zimepigwa marufuku.

Sauti

Kwa watu 200 spika moja yenye koni ya inchi 12 inatosha. Kwa 800 zinahitajika mbili, zote mbele, moja kila upande wa mwongozaji. Kishawishi ni kuweka ya pili nyuma ili waliosimama mbali wasikie. Msifanye hivyo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, hivyo ya mbele humfikia mtu aliye mita 30 nyuma ikiwa imechelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Yeye husikia neno mara mbili, na umati unaoimba hugawanyika pande mbili, kila upande ukidhani mwingine haujui wimbo. Badala yake pandisha spika kwenye stendi mpaka tako lake lipite vichwa vya waliosimama, kama mita 2 kutoka chini. Spika iliyo usawa wa kifua hupigia migongo ya safu ya kwanza na kuishia hapo.

Maikrofoni ikae nyuma ya mstari wa spika, isiwahi kuelekea zilipo. Ikipita mbele huanza kupiga mluzi. Anayejifunza kazi huongeza sauti msemaji asiposikika, mluzi unazidi. Dawa ni kumsogezea maikrofoni mdomoni, upana wa vidole vitatu, kisha kupunguza. Jenereta ikae nyuma mita 20 au zaidi, upande ambao upepo unaelekea, au tumieni spika za betri zilizochajiwa usiku kucha. Jaribio la sauti ni moja tu lenye maana: mtu asimame safu ya mwisho, mwingine asome kwenye maikrofoni majina matano asiyoyajua yule wa nyuma, naye ayarudie. Akikosa hata moja, rekebisheni.

Nyimbo zipakuliwe mapema ziwe ndani ya simu au kompyuta. Msitegemee intaneti. Watu 500 wakirusha video kutoka kiwanja kimoja, mtandao hukaba, na wimbo hukatika kwenye kiitikio. Simu inayopiga nyimbo iwekwe hali ya ndege, kengele zote za kuamka zizimwe (hali ya ndege haizizimi, na hili hugunduliwa wakati mbaya kuliko wote), na isipewe mtu mwingine. Simu ya pili yenye orodha ileile na waya wake iwe pembeni.

Kuhusu orodha yenyewe, nyimbo 18 mpaka 20 zinatosha kwa saa moja na robo. Mashabiki wa kindakindaki watataka kuweka zile za upande wa pili wa kanda ambazo watu kumi tu wanazijua. Waruhusu mbili, mwanzoni, wakati watu bado wanaingia. Baada ya hapo nyimbo zichaguliwe kwa swali moja: je, kiitikio chake kinaimbika na mtu asiye mwimbaji? Waimbaji wakubwa wengi hupanda juu sehemu ambazo umati haufiki, na hapo kuimba hufa ghafla, watu wanatazamana na kucheka kidogo. Chagueni zile ambazo kiitikio kiko katikati ya sauti, na zile za kupanda ziacheni zipigwe watu wakisikiliza.

Pimeni ukubwa wa sauti wa kila wimbo kabla. Rekodi za miaka ya 1970 husikika chini sana zikifuatwa na za miaka ya 2000, kwa kuwa ufundi wa kukandamiza sauti ulibadilika. Mpigaji wa nyimbo asipojua, wimbo mtulivu utafuatwa na mwingine unaowarusha watu. Programu za bure za kuhariri sauti zina kitufe cha kusawazisha. Pitisha nyimbo zote hapo. Wimbo wa mwisho uwe rekodi ya jukwaani, si ya studio. Rekodi ya jukwaani huisha kwa makofi, na umati ulio mbele yako utayapokea na kuyaendeleza wenyewe bila kuambiwa. Hakuna hotuba inayofunga mkesha vizuri kama hiyo.

Kucheza pia kunaruhusiwa. Usiku aliofariki Prince, watu walijaa mtaani nje ya klabu ya First Avenue, Minneapolis, wakaimba na kucheza. Anayesema huo si msiba hajamsikiliza marehemu.

Mambo mawili ya kisheria: kupiga rekodi hadharani kwa kawaida huhitaji leseni ya chama cha hakimiliki za muziki, ingawa ukumbi au bustani inaweza kuwa nayo tayari, kwa hiyo ulizeni. Na mkirusha mkesha moja kwa moja mtandaoni, mifumo ya kutambua muziki itanyamazisha sauti au kukata matangazo. Warushieni watu wakiimba, rekodi ikiwa chini.

Ratiba ya saa mbili

Kiza kikiwa kinaingia saa 12:30 jioni, anzeni saa 12:00 kwa nyimbo za chini watu wakiandika rambirambi. Saa 12:40 mwongozaji akaribishe kwa dakika tatu: jina, tulichokuja kufanya, njia za kutokea, kanuni ya mishumaa. Nyimbo sita. Wasemaji. Mishumaa na kimya. Nyimbo zilizobaki. Saa 2:00 makofi ya mwisho na taa kuwashwa.

Wasemaji wasizidi wanane, dakika mbili kila mmoja, majina yaandikwe kabla. Maikrofoni haitoki mkononi mwa mwongozaji. Yeye huishika mbele ya mdomo wa msemaji, na muda ukiisha huirudisha kwake taratibu kwa neno "ahsante". Maikrofoni iliyokabidhiwa hurudi kwa ugomvi. Anayelia asikatizwe, apewe muda wake na wa mwenzake. Anayetangaza biashara, siasa au albamu yake mwenyewe akatizwe mara moja.

Kimya kina ufundi. John Lennon alipouawa tarehe 8 Desemba 1980, mkewe Yoko Ono aliomba dakika kumi za kimya tarehe 14, na watu wengi duniani walizitimiza. Dakika kumi zinawezekana kama dunia nzima imejulishwa. Kwenye kiwanja chenu dakika moja inatosha, tatu ni nyingi kama kuna watoto. Tatizo la kimya huwa ni mwisho wake: watu hawajui kimekwisha lini, mmoja anakohoa, mwingine anapiga makofi, kinavunjika vibaya. Mwongozaji aseme: "Tutanyamaza. Mkisikia gitaa, tumemaliza." Mpigaji azime spika kabisa kwanza, maana mvumo wake mdogo husikika sana kimya kikitanda, aziwashe sekunde kumi kabla, kisha wimbo uingie wenyewe.

Waongozaji wa umati wawe mmoja kwa kila watu 50, wenye viakisi mwanga na maji ya kunywa. Kazi yao kubwa ni kumtazama aliyesimama peke yake muda mrefu. Watoto wa miaka 15 huja peke yao kwenye mikesha hii, na wengine hawajawahi kufiwa na mtu yeyote kabla ya huyu.

Karatasi za rambirambi

Kitabu kimoja kilichojalidiwa kinapendeza na hakifai. Mtu mmoja huchukua dakika mbili kuandika, wakati mwingine tano. Watu 300 kwa kitabu kimoja ni saa kumi. Tumieni karatasi za A4 zisizofungwa, nene kiasi cha gramu 160 kwa mita ya mraba, zilizowekwa kwenye vibao kumi vya kubania. Kwa dakika mbili kila mtu, watu 300 humaliza ndani ya saa moja. Mtajalidi baadaye.

Kalamu ziwe za wino wa mafuta, zile za kawaida za kubofya. Kalamu za jeli na za feluti huandika vizuri, ila tone moja la mvua au chozi hufuta mstari. Penseli nazo hazimwagiki wala hazichujuki, basi wekeni chache. Kila karatasi ichapwe nafasi ya tarehe juu na namba ya ukurasa chini. Upande mmoja tu uandikwe, kwa sababu kalamu iliyobonyezwa kwa nguvu huchimba hadi nyuma. Msiombe namba za simu wala anwani; karatasi hizo zitapigwa picha na kila anayepita.

Wengi watasimama mbele ya karatasi wasijue waandike nini. Wekeni swali dogo juu ya kibao, mfano "Wimbo gani, na ulikuwa wapi ulipousikia?" Majibu yake huwa marefu na ya kweli, na ndiyo familia husoma. "Pumzika kwa amani" mara 300 husomwa mara moja.

Fedha

Kama mnaweza kuepuka michango, epukeni. Mkichangisha, ni kwa gharama zilizotajwa tu: vibali, spika, mishumaa. Wawili wahesabu pamoja palepale, watie saini, hesabu itangazwe siku inayofuata na risiti zake. Msichangishe kwa jina la familia bila barua yao. Hata nia ikiwa njema, mtafanana na matapeli wanaofanya hivyohivyo usiku huohuo. Fulana zenye picha ya marehemu pia zina mwenye haki ya picha, na bidhaa "zilizosainiwa" zinazoibuka wiki ya msiba zipiteni. Bei hupaa siku hizo, na sahihi za kughushi hupaa nayo.

Ikiwa amejiua au amezidiwa na dawa

Hapa maneno yapimwe. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba njia aliyotumia mtu isielezwe, mahali pasigeuzwe pa kuhiji, na kifo kisipambwe kama ushujaa au suluhisho. Kwa mkesha maana yake ni hizi: semeni "amefariki kwa kujiua" na muishie hapo, msifanyie mkesha mahali alipofia, msisome barua aliyoacha, na ondoeni kwenye orodha nyimbo zake zinazozungumzia kufa kana kwamba zilikuwa utabiri. "Sasa amepata amani" ni sentensi ya upendo, lakini shabiki aliye kwenye hali kama ile husikia kwamba njia ipo na inafanya kazi.

Namba ya simu ya huduma ya msaada wa kisaikolojia ichapwe kubwa kwenye kila kibao cha rambirambi, ikiwa imepigwa na kuhakikiwa mchana huohuo. Mshauri mmoja aliyesomea kazi hiyo aombwe aje, asimame mahali panapojulikana, na aseme dakika mbili kwenye maikrofoni. Baada ya kifo cha Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana aliyejiua Aprili 1994, mkesha wa Seattle uliwapa nafasi watu wa huduma hizo. Wachunguzi waliofuatilia baadaye waliona simu za kuomba msaada zimeongezeka, huku wimbi la kujiua lililohofiwa mjini humo halikutokea.

Asubuhi yake

Nta chini isifutwe kwa maji ya moto; huyeyuka, huingia kwenye vinyweleo vya sakafu na kuacha doa la utelezi. Ngoja igande, ikwangue kwa kipande cha plastiki ngumu asubuhi kukiwa na baridi, inatoka vipande vipande. Masalia ya mishumaa yakae kwenye ndoo ya chuma mpaka kesho yake, yasiende kwenye mfuko wa taka usiku.

Maua yaachwe siku saba kama mwenye eneo ameruhusu, kisha yaondolewe alfajiri, si mchana mbele za watu. Kadi zitolewe kwanza, nailoni, waya na utepe vitengwe, na maua yenyewe yaende kwenye mboji. Kadi zilizolowa zisirundikwe. Zitandazwe moja moja kwenye karatasi za kunyonya, mbali na jua, na zigeuzwe kila saa kadhaa. Zikikaa mvua siku mbili zitaota ukungu, na ukungu huhamia zilizo kavu.

Zikikauka, zipigwe skana: nukta 300 kwa inchi kwa maandishi, 600 kwa picha ndogo. Majina ya faili yaanze na tarehe, kisha namba. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Karatasi za asili za rambirambi zipangwe kwa namba zake kwenye boksi moja, lenye barua ya nusu ukurasa inayosema ni nani, lini, wapi na karatasi ngapi. Msilipeleke nyumbani kwa wafiwa. Iandikieni ofisi ya meneja au lebo kuuliza kama familia ingependa kulipokea, na msubiri. Jibu linaweza kuchukua miezi. Linaweza pia kuwa hapana, na boksi litabaki kwenu.